Nishike Mkono Mbele za Watu

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wahenga hao hawakupata kufanya kazi katika duka la salteña la Doña Hortensia Arzabe mjini La Paz. Humo Nieves Quisbert na Adalid, mwana pekee wa mwenye duka, walikibana kikohozi chao miaka miwili, na wakakibana vizuri hata wateja wa kila asubuhi wakadhani yule binti wa jikoni hajui sauti ya mwana wa tajiri wake.

Walipendana kwenye chumba cha unga. Nieves alikuwa msukaji. Salteña, maandazi ya kuoka yenye nyama na mchuzi ndani, hufungwa kwa kusuka ukingo wake kama nywele za mtoto, na hakuna aliyesuka kama yeye. Adalid alikuwa akipita na trei ya mayai ambayo hakuna aliyeiagiza, anasimama, anamtazama. Macho yao yakikutana, vidole vya Nieves vinasahau kazi. Msuko ukilegea, andazi hupasuka tanurini na mchuzi wote humwagika, kwa hiyo wa kwanza kuijua siri alikuwa Desiderio, mpishi wa tanuri.

"Leo zimepasuka nyingi," alimwambia siku moja bila kugeuka. "Bwana mdogo kapita mara ngapi?"

Nieves alitamani aingie ndani ya gunia la unga. Lakini Desiderio hakumwambia mtu. Alikuwa mtu mweusi wa mabonde ya Yungas, na mambo ya kuwekwa nyuma aliyajua. Wateja wakimwona barabarani walifinyana mikono na kusema "bahati, bahati," kama desturi ya mji ilivyo mtu akikutana na mweusi, na Doña Hortensia alimtoa jikoni mara moja tu kwa mwaka, siku ya maonyesho ya bahati, asimame kaunta watu wamwone wafinyane wanunue. Siku zilizobaki alikaa na moto wake.

Asubuhi ile Nieves alikuja kazini amevaa pollera, sketi ya jadi ya wanawake wa kwao, tena ile nzuri kuliko zote, ya rangi ya zambarau, marinda yake mapana yakielea juu ya magaguro manne, shali begani, hereni za bibi yake masikioni, kofia nyeusi imekaa upande kidogo. Aliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida, maana wanawake wa pollera katika duka lile waliingilia nyuma. Doña Hortensia alikuwa anafungua duka la pili, kule chini wanakokaa wenye nazo, na leo angemtaja msimamizi wake. Adalid alikuwa ameapa, mikono yake ikiwa kiunoni mwa Nieves, kwamba jina litakalotajwa ni la Nieves, na kwamba siku hiyohiyo atamwambia mama yake habari zao. Miaka miwili ya kukutana vichochoroni ingekwisha leo. Usiku alikuwa hakulala kwa furaha, na mtu aliyekosa usingizi kwa furaha ndiye aumiaye zaidi asubuhi.

Wimbi la kwanza la wateja lilipopungua, Doña Hortensia aliingia jikoni. Alikuwa mwanamke mfupi, msafi, aliyenyooka kama mchi. Adalid alikuwa nyuma yake.

"Nieves, binti yangu," alisema, "kazi hii hakuna anayeijua kukushinda. Duka la chini nakupa wewe."

Nieves alishika ukingo wa meza. Akamtafuta Adalid kwa macho. Adalid alikuwa akitabasamu, lakini tabasamu lake alikuwa amelielekeza sakafuni.

Ndipo Doña Hortensia alipoweka mezani kifurushi kilichokunjwa vizuri. Suruali nyeusi, blauzi nyeupe, kikofia chenye jina la duka.

"Kuanzia leo utavaa hivi," alisema. "Na nywele uzibane juu, hiyo mikia miwili isionekane. Kajaribu, halafu upite mbele nikuone."

Nieves alijibu taratibu kwamba yeye amevaa pollera tangu alipojua kusimama. Akaomba: je, akija na pollera nyeusi, safi, na aproni yenye jina la duka juu yake, haitafaa? Aliomba kama mtu aombaye maji. Doña Hortensia hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Watu wa kule chini wakimkuta mwenye pollera kaunta, wanamuuliza tajiri yuko wapi."

"Waniulize, Doña. Nitawajibu."

"Mimi sifungui duka la majibu, mwanangu. Nafungua duka la salteña." Akavuta kiti, akaketi, na sauti yake ikashuka. "Mimi mwenyewe mama yangu alinivua pollera siku ya kwanza ya shule. Alinivalisha kisketi, nikaona baridi ya magoti mpaka nikaizoea. Sikulia. Leo nina maduka mawili. Wewe unataka kulilia nini?"

Picha ya mama huyo ilitundikwa kule mbele, juu ya meza ya fedha, imekatwa mabegani ili pollera yake isionekane. Wateja walidhani alikuwa bibi wa Kihispania. Kando yake lilining'inia lile bango ambalo sheria inalitaka kila dukani, lililoandikwa kwamba mbele ya sheria sote tuko sawa. Nieves ndiye aliyelipangusa vumbi kila asubuhi kabla mlango wa mbele haujafunguliwa.

"Na jambo jingine," Doña Hortensia alisema, akisimama. "Msidhani mimi kipofu. Trei za mayai nazihesabu. Mwenye pollera hataingia nyumbani kwangu kuwa mke wa mwanangu. Mwenye suruali, tutazungumza. Nataka jibu kabla za mwisho hazijatoka tanurini."

Akarudi mbele kwa wateja wake. Jikoni pakabaki mlio wa moto tu, na Desiderio, aliyekuwa na busara zake, akakumbuka kwamba kuni zimepungua akatoka nje.

Adalid alimsogelea. Alikuwa kijana mrefu mwenye macho ya upole, yale macho ambayo Nieves aliyapenda kabla ya kupenda kingine chochote chake. Akamwambia asimchukie mama. Akasema amepigana naye wiki nzima, kwamba mwanzoni mama alitaka kumpa duka mpwa wake asiyejua hata kukanda, kwamba hili ndilo alilofanikiwa kulipata, na si dogo.

"Hili ndilo ulilolipigania?" Nieves alikuwa ameifungua ile suruali. Aliishika kiunoni, akaipima juu ya aproni yake. Ilikuwa saizi yake hasa. "Adalid. Nani alitoa vipimo vyangu?"

Adalid akageukia moto.

"Nakuuliza wewe."

"Mimi."

"Ulinipima lini?"

Hakuwa na haja ya kuuliza, maana alikumbuka. Jumapili iliyopita, juu kwenye ukingo wa mlima, mji mzima ukiwa chini yao, Adalid alimzungushia mikono kiunoni, juu ya marinda yote yale, akambana, akakaa hivyo muda mrefu. Nieves alifumba macho siku ile. Alifikiri ndani ya moyo wake: huyu hataniacha.

"Nilikuwa nimekukumbatia, Nieves. Naapa. Kipimo kilikuja baadaye."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua."

Adalid alishika kichwa. Akasema ni nguo tu. Akasema atavaa saa za kazi, jioni avae anachotaka, aende kwao na pollera yake, nani atajua? Akasema mke wake hatakosa kitu. Alisema mengi, maskini, na yote aliyasema kwa mapenzi, na kila alipozidi kusema ndipo Nieves alipozidi kuona baridi.

"Unajua kwetu wanamwitaje mwanamke anayevaa hivi asubuhi na vile jioni?" Nieves aliuliza. "Mama yangu mdogo alifanya hivyo, alipata kazi ofisini. Akirudi mtaani watoto wanamwimbia popo. Si ndege, si mnyama. Hakualikwa harusi ya dada yake mwenyewe. Mama ameniambia kwa kinywa chake: siku utakayokuja na suruali, bisha hodi kama mgeni."

"Utakuwa na mimi."

"Wapi?"

"Nini wapi?"

"Nitakuwa na wewe wapi, Adalid? Miaka miwili nimekuwa na wewe kwenye chumba cha unga."

Hapo machozi aliyokuwa ameyazuia mbele ya Doña Hortensia yakamwagika yote. Adalid alimkumbatia. Naye, licha ya yote, aliegemea kifua kile na kukipenda, akajichukia kwa kukipenda. Hakutaka duka kuliko alivyomtaka mtu huyu. Hiyo ndiyo kweli, na afadhali isemwe.

"Nieves," alimnong'oneza nyweleni, "sina nguvu nyingine. Nimefika mwisho wangu. Ukiivaa, leo hii namwambia kila mtu. Usipoivaa, sijui nitakushika vipi."

Akatoka. Desiderio akarudi na kuni mkononi, akamkuta Nieves amekaa juu ya gunia, suruali mapajani.

"Mimi huitwa mbele siku wanapotafuta bahati," alisema Desiderio, akichochea moto. "Wewe unaitwa mbele ukivua nguo. Tuko sawa, kama bango linavyosema."

"Usinichekeshe, kaka."

"Sikuchekeshi." Akamtazama kwa huruma. "Ungeniuliza, ningekwambia nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini hujaniuliza, na mimi sijawahi kupendwa na mtoto wa tajiri. Fanya moyo wako unavyokwambia."

Moyo wake ulimwambia avae.

Aliingia stoo, akafunga mlango. Alivua gaguro moja baada ya jingine, akayaweka juu ya rafu ya mafuta, na kila lililotoka alijiona anapungua. Suruali ilimkaa vizuri mno. Baridi ilimshika magotini, na bila kutaka akamkumbuka Doña Hortensia akiwa mtoto mdogo shuleni, akamwonea huruma. Alifungua misuko yake miwili, akazibana nywele juu, akavaa kikofia. Hereni za bibi yake zilikuwa ndefu kwa vazi lile. Akazivua nazo.

Kisha akasukuma mlango wa jikoni, akaingia dukani.

Duka lilikuwa limejaa, watu wamesimama na salteña zao mkononi, wamezishika wima wakifyonza mchuzi usiwadondokee. Adalid alikuwa kwenye meza ya fedha. Aliinua macho.

Nieves hataisahau sura ile. Uso wa Adalid ulifunguka kama dirisha. Miaka miwili alikuwa ameuona uso huo ukimpenda gizani, ukimpenda kwa kuibia, ukimpenda huku ukichungulia mlango. Hakuwa amepata kuuona ukifurahi hivi. Adalid aliacha fedha za mtu mezani, akaizunguka kaunta, akamshika mkono mbele ya duka zima.

"Jamani," alisema, "nawajulisheni. Huyu ni Nieves. Mchumba wangu."

Watu walipiga makofi. Kiganja cha Adalid kilikuwa cha moto, na Nieves alikishika kwa nguvu zake zote, maana kilikuwa ndicho kitu alichokililia tangu alipompenda. Alijipa ruhusa ya kukishika. Doña Hortensia, akiwa chini ya picha ya mama yake, aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu anayepokea mzigo uliofika salama.

Mzee Gumucio, wakili mstaafu aliyekula pale kila siku ya Mungu, alijipangusa masharubu akamkaribia.

"Hongera, kijana. Binti mzuri sana huyu," alisema. "Umemtoa wapi? Mbona tulikuwa hatujamwona?"

Nieves alimtazama mzee yule. Alikuwa amempelekea trei ya salteña moto mezani kwake tangu alipoajiriwa. Siku mzee alipojimwagia mchuzi kwenye tai, wenzake wakimcheka kwa desturi kwamba aliyemwaga ndiye atakayewalipia wote, Nieves ndiye aliyeichukua tai ile jikoni, akaisafisha kwa ndimu, akaikausha kando ya tanuri, akamrudishia. Mzee alimshukuru siku ile. Alishukuru akiiangalia tai.

Alimgeukia Adalid, akingoja. Lilikuwa jambo dogo. Angesema tu: mzee, huyu ndiye anayekusukia salteña zako kila siku, ni Nieves wa jikoni, mwenye pollera.

"Ah, mzee," Adalid alicheka, "vitu vizuri hufichwa."

Watu wakacheka. Mkono wa Nieves ukapoa ndani ya mkono wake.

Hakuuvuta kwa ghafla. Aliutoa polepole, akasema anarejea, akapita mlango wa jikoni. Desiderio alikuwa akizitoa za mwisho. Alimtazama, akasogea kumpisha.

Kule stoo alifunga kamba za magaguro vibaya, akazifungua, akazifunga upya. Alilia kwa sauti ndogo, mdomo umebanwa na shali. Hakulilia duka. Alilia kwa sababu sasa alijua Adalid hakuwa mwongo. Alimpenda kweli. Ila alikuwa amempenda mwanamke wa ndani ya pollera kama mtu anavyopenda karanga, akingoja siku ya kutupa ganda. Na Nieves hakuwa na ganda. Ile pollera alikuwa yeye, na mama yake, na bibi yake mwenye hereni. Alisuka nywele zake upya, misuko miwili mirefu, akaiunganisha ncha mgongoni. Kofia akaiweka upande kidogo.

Suruali aliikunja kama ilivyokuja, akaiacha juu ya gunia la unga. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, hatua chache tu kutoka alipo. Akaupa mgongo.

Aliporudi dukani kwa mlango wa jikoni, maongezi yalipungua. Marinda yake yalijaza nafasi kati ya meza, watu wakabana miguu. Mzee Gumucio alimwonyesha kikombe kitupu, akamwomba amwongezee kahawa. Nieves alimpita. Alisimama palepale aliposhikwa mkono, mbele ya Adalid, chini ya lile bango, kando ya mlango wa mbele.

"Adalid," alisema. Hakupandisha sauti. "Nakwenda nyumbani, na kazini sirudi. Lakini wewe bado nakutaka, Mungu ananiona. Sitaki duka. Sitaki mama yako anipende. Nataka kitu kimoja tu, na ukinipa, nitakungoja hata miaka kumi."

"Nieves, tafadhali. Watu."

"Nishike mkono. Ulivyonishika sasa hivi. Nisindikize mpaka nje kwa mlango huu."

Doña Hortensia aliacha kuhesabu chenji. Macho yake yalikuwa kwa mwanawe, na ndani yake mlikuwa na hofu zaidi kuliko hasira. Wateja walikuwa wameshika salteña zao hewani, na mchuzi ulianza kumdondokea mmoja wao mkononi asijue.

Adalid alimtazama Nieves kwa yale macho yake ya upole, yamejaa machozi. Alizunguka kaunta. Akaja mpaka karibu, karibu hata Nieves akasikia harufu ya jira nguoni mwake. Akainua mkono. Nitakuwa mwongo nikisema hakuinua. Nieves aliona vidole vile vikija, akafungua kiganja chake kuvipokea, na kwa muda wa pumzi moja alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote La Paz.

Mkono ulipita kando ya mkono wake, ukaenda ukashika kitasa cha mlango. Adalid aliufungua mlango wa mbele wazi, akasimama pembeni, kitasa akakishika kwa mikono miwili, vizuri kabisa, kama anavyowafungulia wateja wa heshima.

"Pita, mpenzi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo haikusikiwa na mwingine yeyote.

Nieves alikifunga kiganja chake. Akakusanya marinda yake, maana mlango ulikuwa mwembamba, akapita. Nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakishuka na kupanda barabara yao kama kawaida. Kituo cha magari ya kamba, yanayopanda mpaka kwao El Alto, kilikuwa juu ya kilima, akaanza kukiendea bila kugeuka. Nyuma yake, kabla mlango haujafungwa, na za mwisho zikiwa bado moto jikoni, alimsikia Adalid akiwaambia wateja kwamba salteña za leo zimekwisha.